Wifi Febronia na Mayai ya Mnyoo wa Baharini

Mimi ni wifi yake Febronia Mazengo, nimeolewa na kaka yake Chediel, na wifi kwa wifi hawasifiani bure. Ukinisikia namsifia, jua nimetafuta ubaya nikaukosa. Si kwamba hana. Akiingia jikoni kwangu anaosha upya sufuria niliyokwisha kuiosha, tena mbele yangu. Ana ubishi wa kuzaliwa nao. Na kwa miaka mingi alitupa kazi ngumu sisi ndugu zake wa Kilimatinde, maana mtu akituuliza yule dada yenu anafanya nini huko pwani, ilibidi tujibu kwamba anaangalia mayai ya minyoo.

"Minyoo ya tumboni?"

"Ya baharini."

"Kwani inataga?"

"Inataga."

Basi, watu wanaondoka wakicheka, na sisi tunabaki na aibu yetu mlangoni. Hapa kwetu mnyoo ni kitu cha kunywea dawa. Na bahari, wengi wetu tumeiona kwenye kalenda.

Lakini macho yale ya kuangalia mayai hakuyapata pwani. Aliyapata hapa hapa, kwa mama mkwe wangu. Mama alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha stesheni ya Saranda, chini ya mlima. Kazi ile inataka uangalifu, kwa sababu abiria akimenya yai akakutana na kifaranga, atakurushia kupitia dirishani na hatakosea shabaha. Kwa hiyo kila yai lilipimwa kabla ya kuingia chunguni, na mpimaji alikuwa Febronia, tangu ana miaka saba. Anakunja kiganja kama bomba, yai huku, jicho huku, anaelekea jua. Yai zima linang'aa lote. Lililoanza kuatamiwa lina nyuzi za damu. Viza lina wingu, ukiligeuza na wingu linahama. Mama alikuwa akisema mtoto huyu angeweza kuona hata dhambi ndani ya yai. Hakukosea hata mara moja, na hilo nimeambiwa na Chediel, ambaye si mtu wa kumsifia dada yake.

Akaolewa na fundi wa reli, wakahamishiwa pwani. Mume akafariki mwaka wa sita wa ndoa, hawakuwa wamejaliwa mtoto. Sisi tukamwandikia barua arudi nyumbani. Yeye akajibu kwamba amepata kazi ya kufagia kwenye kituo cha utafiti wa bahari. Nilisema wakati ule, na ninakiri, kwamba kufagia hata Kilimatinde kupo.

Siku moja alikuwa anapiga deki. Vijana wa chuo kikuu wamezunguka hadubini, yeye amesimama na ndoo anasubiri wasogeze miguu. Mmoja akamwambia kwa dhihaka, "Mama, njoo uone watoto wa mnyoo." Febronia akaweka ndoo chini, akainama, akaangalia. Ndani ya kisahani cha kioo kulikuwa na mayai, madogo kuliko punje ya mchanga, ya rangi ya kijani.

Akasema, "Haya matatu ya pembeni ni viza."

Wakacheka sana. Hata mtu wa hadubini wa miaka mingi hakuona tofauti yoyote. Kesho yake mchana mayai matatu ya pembeni yalikuwa yameingia wingu, na mengine yote yalikuwa salama. Mkuu wa kituo, bwana mmoja anaitwa Fredrick, alipopata habari alimwita akampa kisahani kingine, na kingine. Wiki ile ile deki akapewa mtu mwingine, Febronia akapewa kiti mbele ya hadubini. Alikaa kwenye kiti hicho miaka kumi na saba.

Akija likizo ya Krismasi alikuwa akinisimulia huku mimi nanyonyoa kuku. Mwanzoni nilisikiliza kwa adabu tu, baadaye nikaanza kumngojea. Mnyoo wake yule anaishi kwenye tope la mikokoni, ndani ya kijumba chembamba anachokijenga mwenyewe. Jike hana mfuko wa mayai kama kuku. Mayai yanaelea mwilini mwake mwote, yanaanza kama vumbi, yanakua kwa miezi, na chakula chake ni mama mwenyewe. Jike anajitoa nyama kidogo kidogo kulisha mayai, mpaka anabaki ngozi tupu na mayai yanaonekana kwa nje. Siku akitaga, ndiyo kwaheri. Keshokutwa yake amekufa.

"Na watoto?" nikauliza.

"Wanalelewa na baba."

Nikaacha kunyonyoa. Dume, kumbe, hubaki mle kijumbani amejizungusha kwenye mayai, anajipepea mwili usiku na mchana ili maji yapite na mayai yapumue. Hatoki hata kutafuta chakula. Ukimwondoa, mayai yote yanaharibika. Nilimwambia wifi yangu kwamba mnyoo huyo angeletwa Manyoni, wanaume wote waje wamwone, kuanzia na kaka yake.

Ila dume lilikuwa na sifa mbaya vitabuni. Wataalamu walikwisha kuandika kwamba njaa ikilizidi linakula baadhi ya watoto wake. Febronia akalitazama lile baba la watu, akakataa. Aliona kwamba halili ovyo. Linapita kwenye mayai moja moja, linagusa, linaacha, linagusa, linaacha, halafu linameza moja. Na lile linalomezwa, kila mara, mboni yake ya katikati ilikuwa imesogea pembeni kidogo, kidogo kiasi kwamba ni Febronia tu aliyeiona. Akaanza kuliwahi dume. Anayatoa yale ya mboni iliyosogea kwa sindano, anayaweka kisahani cha peke yake. Siku ya pili yote viza. Yale ambayo dume limeyagusa na kuyaacha, yakaanguliwa.

"Wifi, yule baba anasingiziwa," aliniambia. "Hali watoto. Anaondoa wafu wasiwaozeshe wazima."

Aliyaandika yote hayo. Yeye ni wa darasa la saba, Kiingereza chake ni cha kusalimia, kwa hiyo aliandika Kiswahili, akachora kila yai kwa penseli, na pale alipokosa neno aliweka alama zake mwenyewe: mguu wa kuku, kigoda, ungo wenye tundu. Alama hizo alizijua yeye tu. Alijaza daftari msimu baada ya msimu, maana hakutaka mtu aseme ameona mara moja akabahatisha. Madaftari yalifika thelathini na moja. Hakuwa na mtoto wala shamba, na akizungumzia madaftari yale sauti yake ilikuwa ya mwenye vyote viwili.

Ndipo akaja Sostenes Mihambo.

Alikuja kituoni akiwa kijana anayetafuta shahada ya pili, Mnyamwezi wa Urambo, mcheshi, mwembamba. Siku ya kwanza Febronia alipolisikia kabila lake alimwambia, "Tua mzigo, mpagazi, umefika." Kijana naye hakuchelewa: "Kumbe kuna Mgogo humu! Ndiyo maana nimesikia mtu anaomba." Wao tunawatania kwa upagazi wa babu zao, sisi wanatutania kwamba ni ombaomba, na mwenye kujua utani wa Mgogo na Mnyamwezi anajua kwamba hapo undugu umekwisha kufungwa. Miaka yote ile Febronia alikuwa peke yake pwani, hana wa kumtania, na mtu asiye na mtani ni kama hana kwao. Kijana akimfichia kandambili, anaomba karanga ndiyo arudishe. Akimlia chakula cha mchana, Febronia anamfungia nje. Nikimpigia simu wifi yangu namsikia anacheka, na mimi nilifurahi.

Alimfundisha kila kitu. Alimkalisha kwenye kile kiti, akamshikia kichwa kama unavyomshikia mtoto anayejifunza kunywa kikombe, akamwonyesha mboni. Sostenes akaona. Aliposoma madaftari aliacha mizaha siku nzima, kisha akamwambia, "Mtani, hili ni jambo kubwa. Tutaliandika wawili. Jina lako litangulie, langu lifuate. Mpagazi siku zote anakuja nyuma."

Febronia alicheka. Lakini aliniambia neno lile zaidi ya mara kumi, na kila mara alilisema polepole.

Mwaka aliostaafu, wenzake walimfanyia soda na keki. Katikati ya soda Sostenes akainua boksi la madaftari kutoka chini ya meza yake, akaliweka begani, akapiga kelele, "Nimeteka! Mgogo akitaka mali yake aikomboe kwa jogoo wa Kilimatinde!" Watu wakapiga makofi. Febronia naye akapiga makofi. Hapo ndipo watu wengine wanamlaumu, hata Joyce binti yangu: kwa nini hakulichukua boksi lake? Mtoto wa siku hizi hajui. Kitu alichoteka mtani hakidaiwi kwa uso uliokunjwa. Ukikasirika umejivunjia heshima wewe, si yeye. Unacheka, unaandaa cha kukombolea, unangoja.

Basi akaja nyumbani akamfuga jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Pasaka ikaja tukala maharage, jogoo anatutembelea miguuni. Febronia akapiga simu. "Jogoo yuko tayari, mpagazi, njoo na mzigo." Sostenes akacheka, "Bado hajanona huyo, nasikia anavyowika, ana njaa." Mara ya pili yuko safarini. Mara ya tatu simu ikaita mpaka ikakata. Mwaka wa pili kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita Kilimatinde, kikaondoka na jogoo.

Akampigia Bwana Fredrick. Akamweleza bila mzaha kwamba Sostenes ana madaftari yake na hapokei simu. Mkuu wa kituo akacheka mpaka akakohoa. "Nyie watani nyie! Hata ukistaafu hamwachani!" Wifi yangu alikata simu, akanitazama, akasema, "Wanadhani natania." Sikulitilia maanani. Nilikuwa na mambo yangu.

Joyce ndiye aliyeikuta, akiwa chuoni, kwenye simu yake. Makala ya kitaalamu, Kiingereza kitupu, na michoro. Akaja nayo likizo. Febronia alivaa miwani, akaona mayai yake. Yale yale aliyoyachora, na kwenye moja upande wa chini kulikuwa na doa la chai lililobaki kama kivuli. Joyce akatafsiri: dume la mnyoo huyu haliangamizi mayai yake, linachagua yaliyokufa. Aliyegundua: Dakta S. Mihambo. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, shukrani kwa mafundi wa kituo.

"Mafundi," Febronia akarudia. "Hata si mafundi fulani."

Hakulia. Alienda akaosha sufuria zangu zote, safi na chafu, na safari hii sikusema kitu. Nilichokiona usoni mwake sikukipenda. Mtu akiibiwa na mwizi ana hasira. Huyu alikuwa na haya, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kosa kwa kucheka siku ile ya keki.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa saba mwaka jana mama mkwe wangu akafariki, amekula chumvi nyingi. Turubai likafungwa, watu wakaja kutoka Manyoni, wengine mpaka Ikungi na Issuna. Siku ya maziko, jeneza linataka kutoka, tukasikia mtu analia kwa sauti ya kupasua mbingu. Sostenes. Amenenepa, amevaa suti, amejilaza mlangoni. "Haendi popote huyu! Alinidanganya yai la Saranda, nikamenya likalia! Nirudishieni yai langu!"

Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na machozi yao. Mtani wa kweli huyo. Tukaikomboa njia kwa sigara, akaachia. Kaburini akaingia shimoni akasema anapima kama chumba kinatosha. Jioni alivua suti akachota maji bombani, madumu sita, akapasua kuni, akamwiga mama alivyokuwa akikimbiza treni na chungu kichwani. Chediel, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili, alikula.

Na Febronia alicheka. Nilimwona. Alinifuata jikoni akanishika mkono, macho yamelowa.

"Amekuja, wifi."

"Nimemwona."

"Mtu mwenye roho mbaya haji msibani. Labda aliona haya tu. Labda kaja kumaliza."

Nilitaka kumwambia asubiri. Lakini mwenyewe nilikuwa nimefurahi, na nilimpakulia yule mtu nyama ya paja.

Siku ya tatu tukaanua matanga. Watu wamekula, wako uwanjani wanaagana, Sostenes akamsogelea Febronia aliyekuwa amekaa mkekani pamoja nasi. Akatoa simu yake, akaifungua, akachuchumaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa na mzaha.

"Mtani, kabla sijaondoka. Wenzangu wa nje wananibana. Tunatoa kitabu, wanataka maelezo ya alama zote. Huu mguu wa kuku nimeuelewa. Ila hiki kigoda, na huu ungo wenye tundu, ulimaanisha nini?"

Kwenye simu kulikuwa na ukurasa wa daftari lake. Febronia aliutazama kwa muda mrefu. Nami niliona, kwa macho yangu haya, jinsi siku tatu zile zilivyokuwa zikimtoka usoni: madumu, kuni, kilio cha mlangoni, vyote.

"Ndicho kilichokuleta," akasema.

"Ah, mtani, nimekuja kumzika mama."

"Kitabu hicho kina jina langu?"

Sostenes akaangalia pembeni. "Mambo ya wachapishaji hayo, mtani. Tutaona."

Hapo wifi yangu akasimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku anazaliwa inasemekana hakulia sana. Alipaza.

"Madaftari hukuomba, uliyabeba. Kilichobaki kiko humu kichwani, na hiki nacho usiombe! Chukua! Jamani, mwoneni huyu. Huyu ni mwizi. Ameniibia miaka kumi na saba!"

Uwanja mzima uligeuka. Kisha mzee mmoja wa Saranda akaangua kicheko, akajipiga paja, "Leo mpagazi kakamatwa!" na wengine wakamfuata. Wanawake wakapiga vigelegele. Mgogo kamwita Mnyamwezi mwizi, siku ya kuanua matanga, ni kitu gani kingine mtu angetegemea kusikia?

"Sitanii!" Febronia akasema. "Jamani, sitanii. Nataka jina langu!"

Sostenes alikuwa amesimama, simu bado mkononi. Kwa kitambo kidogo nilimwona amekosa rangi. Kisha akautazama umati unaocheka, akajua afanye nini. Akafungua mikono yake miwili, akatabasamu kwa meno yote.

"Mnamsikia? Hata msibani kwa mama yake! Mgogo na kuomba!"

Kicheko kilichopanda hapo kilitisha kuku. Watu walishikana mabega. Chediel alicheka mpaka akainama. Na mimi, niliyesomewa makala ile neno kwa neno, niliyeosha vyombo na mwanamke yule miaka mitatu nikijua kila kitu, kicheko kilinitoka kabla sijajua kwamba ni changu, kikubwa, cha kutoka tumboni.

Nilipofumba mdomo alikuwa ananitazama. Hakumtazama Sostenes, wala kaka yake. Alinitazama mimi tu, kisha akaokota kanga yake mkekani, akaikung'uta vumbi, akaingia ndani.